Gari la Kiti Kimoja

Harlan Stroud alikuwa fundi wa pampu za maji katika mashamba ya machungwa ya mji wa Lindsay, na kwa miaka kumi na tisa, kila siku baada ya chakula cha jioni, alivuka ua akaenda bandani kuunda gari. Mkewe Lavonne alibaki jikoni. Gari lile alilijua kwa sikio tu: leo msumeno, kesho nyundo, halafu wiki nzima ya kupiga msasa. Kukiwa kimya sana, alijua Harlan amekalia ndoo analitazama. Ikifika saa tatu na nusu Harlan alizima taa, akaingia ndani ananuka mafuta ya taa, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akasema, "Haya, tulale," wakalala.

Hawakuwa na watoto. Hawakuwa na ugomvi pia. Watu wa kanisani waliitaja ndoa yao kila walipotaka mfano wa nyumba yenye utulivu, na utulivu ulikuwepo kweli, mwingi, mpaka wakati mwingine Lavonne aliwasha redio ili asikie mtu akisema.

Mwezi wa Novemba Harlan alianguka kando ya pampu ya mteja, spana ikiwa mkononi, akakata roho kabla ya gari la wagonjwa kufika. Siku tano baada ya mazishi, jirani yao Ruben Sandoval, fundi rangi wa magari ambaye alikuwa akija kumsaidia Harlan Jumamosi, alimpeleka Lavonne bandani akavuta turubai. Ndiyo mara ya kwanza Lavonne kuliona gari likiwa limekamilika. Lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Halikuwa na paa, magurudumu ya mbele yalikaa nje bila madigadi, na rangi yake ilikuwa kijani kilichokolea, kile kile cha pampu ambazo Harlan alizitengeneza maisha yake yote.

Ruben alisubiri aseme kitu. Lavonne alizunguka mpaka upande wa dereva, akachungulia ndani. Aliona usukani, akaona saa za dashibodi na mkono wa gia, akaona kiti. Kiti kimoja, cha ngozi ya kahawia, kimefungwa mbele ya usukani. Upande wa pili palikuwa sakafu tupu, imepakwa rangi vizuri, safi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

"Zuri," alisema, akarudi ndani ya nyumba.

Hakumwambia mtu yeyote jinsi kiti kile kilivyomchoma.

Miezi mitano ikapita. Siku moja ya Aprili simu ya ukutani ililia, ikawa ni mwanamke wa chama cha magari. Alisema Harlan Stroud alijiandikisha tangu Septemba kwa maonyesho ya Tulare, kapewa nafasi namba mia na kumi na nne, na chama kinataka kujua kama bado anakuja. Lavonne alikuwa na simu mkono mmoja na kisu cha kumenyea viazi mkono wa pili. Ilikuwa rahisi tu kusema amefariki.

"Gari litakuja," akasema.

Alipokwisha kata simu alikaa kitini akajiuliza amesema vile kwa sababu gani. Jibu halikuwa mbali. Alitaka kuwasikia watu wanaojua magari wakieleza gari lile ni la mtu wa namna gani. Yeye alilala na mtu huyo kitanda kimoja miaka arobaini na sita, na angeulizwa asingejua aanzie wapi.

Basi Jumamosi ya maonyesho Ruben alilipakia gari kwenye trela, wakaenda Tulare asubuhi na mapema, madirisha wazi, harufu ya maua ya michungwa inaingia mpaka kooni. Uwanjani kulikuwa na magari yapata mia mbili. Hotirodi, ndivyo wenyewe wanavyoyaita: mabodi ya kale yaliyovuliwa kila kisichohitajika na kutiwa injini zenye nguvu. Ruben aliliegesha gari mahali pake, akalifuta vumbi, akaeleza kwamba ana kibanda chake upande wa pili, watu wanamngoja awachoree mistari ya urembo kwenye magari yao.

"Utakuwa salama, Bi Lavonne?"

"Nina kahawa," alisema. "Nenda kazini."

Akafungua kiti chake cha kukunja akakiweka nyuma ya gurudumu la nyuma. Ndipo alipogundua kwamba kila gari pale lilikuwa na viti viwili nyuma yake. Wenye magari walikuja na wake zao, fulana za rangi moja, na sanduku la barafu katikati. Mwanamke mmoja safu ya pili alikuwa anafuma, mumewe anasoma gazeti, miguu yao imepandana bila wao kujua. Lavonne akamimina kahawa.

Wa kwanza kufika alikuwa mwenye gari la jirani, mtu mnene mwenye sauti kubwa aliyeitwa Leland Tibbs. Gari lake lilikuwa la rangi ya chungwa, linang'aa mpaka linaumiza macho. Pamoja naye alikuja mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya majani na tochi ndogo mfukoni. Huyo alikuwa Gerrit Hoekstra, mfuga ng'ombe wa maziwa aliyestaafu, na siku hiyo alikuwa mmoja wa waamuzi watatu.

"Mama, mwenye gari yuko wapi?" Leland aliuliza.

Lavonne alifungua kinywa aseme ukweli, lakini kilichotoka kilikuwa kingine. "Ametoka kidogo."

"Akirudi nitamuuliza kuhusu hii rangi. Kijani, jamani. Gari kama hili ni jeusi. Likizidi sana, jekundu."

"Wewe la kwako linafanana na zile koni za barabarani," Hoekstra alisema, tayari ameshapiga magoti.

"Angalau linaonekana."

"Ndiyo shida yake hiyo."

Hoekstra aligonga mlango kwa kucha, akasikiliza kama daktari. "Bati lenyewe," alisema. "Ford ya mwaka wa 1929, bodi halisi. Siyo plastiki kama mnazonunua nyinyi."

"Plastiki haishiki kutu, mzee."

"Hata ndoo ya plastiki haishiki kutu."

Leland alicheka, hakuudhika. Ilionekana wamezoea kusemana hivyo kwa miaka. Akazunguka mbele, akainama juu ya injini, ambayo haikuwa na boneti ya kuifunika. "Na injini yenyewe ya babu. Silinda nane za kizamani, kabureta tatu. Ya kwangu ilikuja mpya ndani ya sanduku, siku ya pili inanguruma. Hii itachemka kabla hajafika getini."

Hoekstra alitoa tochi mfukoni. Alimulika tochi kati ya feni na injini, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Leland akaacha kutafuna ubani wake.

"Haitachemka," Hoekstra alisema mwishowe. "Njoo utazame pampu za maji. Hizi hazikununuliwa popote. Kazichonga mwenyewe. Angalia bomba lilivyopanuliwa hapa, halafu likapindwa taratibu, hakuna kona. Huyu mtu anayajua maji."

Lavonne alishika kikombe kwa mikono miwili. *Anayajua maji.* Angetamani kumwambia yule mzee, ndiyo, aliyajua, alikuwa akiweka sikio juu ya bomba la jikoni na kusema kisima kimeshuka futi ngapi. Lakini alikwisha sema ametoka kidogo, na aliyetoka kidogo hasemwi kwa maneno ya aliyekufa.

Watu wakazidi kuja. Mmoja alisema gari limeinama mbele sawasawa kabisa, hajaona ekseli iliyopindwa vizuri vile. Mwenzake akasema limeinama mno, litakwangua kila tuta. Wawili walibishana juu ya tairi kwa muda wa kutosha kupika wali: mmoja alitaka nyuma ziwe pana zaidi, mwingine akasema mtu anayependa tairi pana akanunue trekta. Mwanamke mwenye ovaroli alipitisha kiganja juu ya mlango bila kuugusa, kama anayepasha mkono moto, akaondoka. Karibu wote walimwona mwanamke mzee kitini, wakamchukua kuwa ni mtu aliyeachwa kulinda gari la mumewe. Na kwa kuwa mumewe hayupo, wakamwachia ujumbe.

"Mwambie huu mkono wa usukani uko karibu mno na ekzosi. Joto litamaliza grisi."

"Nitamwambia."

"Mwambie asibadilishe rangi hata akiambiwa na nani."

"Nitamwambia."

"Mwambie mimi nimekuja na gari langu, nimelihangaikia miaka saba, na nikiliona hili nataka kurudi nyumbani."

"Nitamwambia."

Mara ya kwanza neno lile lilimkwama. Mara ya tano lilitoka laini. Ilipofika saa sita, mawazoni mwake Harlan alikuwa kweli yuko kwenye foleni ya nyama, mikono nyuma, anatazama jinsi moshi unavyotoka kwenye jiko na kufikiria bomba lake lingefaa kurefushwa. Lavonne aligeuka mara moja kuelekea vibanda vya chakula, kabisa, shingo nzima, kumtafuta. Alipojigundua, akashusha macho akafunga kifuniko cha chupa ya kahawa ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Leland alirudi kutoka huko huko kwenye nyama, mkate wa kitunguu saumu mkononi, haradali kidoleni. Watu sita hivi walikuwa wamelizunguka gari, Hoekstra miongoni mwao. Leland akachungulia ndani.

"Hee. Kiti kimoja."

"Mtindo wa ziwa kavu," Hoekstra alisema. "Zamani, vijana waliokwenda kushindana mbio kwenye ziwa lililokauka kule jangwani walitoa kila kitu kilichoongeza uzito. Kiti cha pili kilikuwa cha kwanza kutoka."

"Jangwani sawa. Lakini hili lina indiketa, mzee. Lina namba za barabara, lina kioo cha pembeni. Huyu hakuwa anakwenda jangwani, alikuwa anakwenda dukani." Leland alimeza. "Mimi nawaambia, ukiona mwanamume ameunda gari la kiti kimoja, ujue nyumbani kuna mke."

Watu wakacheka. Hata Hoekstra alitabasamu chini ya kofia. Leland, ambaye hakuwa mtu mbaya, aligeuka kwa Lavonne akapeperusha mkate wake. "Usikasirike, mama, natania. Akirudi mwambie Leland anamwonea wivu."

"Nitamwambia," Lavonne alisema.

Alingoja mpaka wakaanza kubishana jambo jingine. Kisha akasimama, akanyoosha sketi, akatembea katikati ya magari yale yote mpaka kibanda cha Ruben.

Ruben alikuwa anavuta mstari mweupe juu ya mlango wa gari la mtu, mwembamba kama uzi. Lavonne alijua kwamba Ruben hasemeshwi brashi ikiwa inatembea. Alisimama akangoja mpaka mstari ukafika ukingoni na brashi ikainuka.

"Ruben. Kwa nini kiti kimoja?"

Ruben alichovya brashi kwenye mafuta, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena. Ilikuwa imeshatakata.

"Vilikuwa viwili," alisema.

Lavonne alisogea hatua moja karibu, Ruben akaendelea.

"Alivitengeneza viwili, miaka minane sasa. Cha pili alikiinua kidogo, inchi mbili hivi, kwa sababu wewe ni mfupi, alisema hutaona mbele. Nilimsaidia kukata ngozi."

"Kiko wapi?"

"Alikikata, Bi Lavonne. Unamjua, Harlan hatupi kitu. Vyuma vyake ndivyo vimeshika betri, na vingine viko chini ya redieta. Ngozi alishonea mfuko wa spana."

"Kwa sababu gani?"

"Sikumuuliza. Nilikuja Jumamosi nikakuta nafasi tupu. Nikasema, wewe, kiti kingine kiko wapi? Akasema kimoja ni chepesi zaidi. Tukaendelea na kazi." Ruben alimtazama. "Nilidhani unajua."

Miaka minane. Lavonne hakuhitaji kuhesabu sana. Alikuwa jikoni, mwezi wa Agosti, anatia pichi kwenye chupa, sufuria inatokota, maganda yamemfika viwikoni. Harlan alisimama mlangoni. Hilo lenyewe halikuwa la kawaida, maana Harlan alikuwa mtu wa kuingia au kutoka, si wa kusimama mlangoni.

"Njoo ukae kidogo," alisema.

"Nikae wapi?"

"Bandani. Kwenye gari."

"Sasa hivi, Harlan?"

"Hata kesho."

"Kesho nina kamati ya kanisa."

"Basi," akasema Harlan. Hakukasirika. Ila alibaki pale mlangoni kidogo baada ya kusema basi, na Lavonne, mgongo umemgeukia, alidhani ananusa pichi.

Kesho yake hakwenda. Kesho kutwa hakwenda. Chupa zilikwisha, kamati ilikwisha, na Harlan hakurudia. Sasa, amesimama mbele ya kibanda cha Ruben mchana kweupe, Lavonne alikiri moyoni jambo ambalo hakuwahi kulikiri hata kwenye sala. Alielewa siku ile kwamba anaitwa. Alielewa vizuri. Lakini alikuwa amengoja miaka kumi na mmoja kuitwa, jioni moja baada ya nyingine, akisikiliza nyundo, na hasira yake ndogo ya miaka kumi na mmoja ikataka iitwe mara ya pili. Harlan hakuwa mtu wa mara ya pili. Wote wawili walijuana kwa hilo.

"Umekaa juani sana," Ruben alisema. "Keti hapa, nikuletee maji."

"Hapana. Asante. Mstari wako unakauka."

Alipofika kwenye gari, kipaza sauti kilikuwa kinatangaza. Magari ya kundi la gari lile yapite mbele ya waamuzi, yakienda kwa injini zake, yakiendeshwa na wenyewe. Hoekstra alikuwa anamngoja na ubao wa karatasi mkononi.

"Mama, mumeo bado? Tuna dakika kumi. Lisipopita halipewi alama, na itakuwa dhambi."

"Alifariki Novemba," Lavonne alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini Leland aliyekuwa anapangusa gari lake alisikia. Kitambaa kikasimama. Hoekstra alivua kofia yake taratibu, akabaki nayo kifuani, nywele chache nyeupe zimelowa jasho.

"Tangu asubuhi tunakwambia umwambie," alisema.

"Sikujua nitasemaje."

"Tunaweza kuliacha lilipo. Nitazungumza na wenzangu."

"Hapana. Nitaliendesha."

Leland aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo labda hata mkewe hakuwahi kuisikia, kama amewahi kuendesha gari lenye klachi. Lavonne alimjibu kwamba amekulia kijiji cha Pixley, katika mashamba ya pamba, na akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa anaendesha lori lililobeba tani tano na halina breki za kuaminika.

Aliingia. Mlango ulikuwa mdogo, ikabidi ajikunje. Kiti kilifungwa kwa kipimo cha miguu ya Harlan, na miguu ya Harlan ilikuwa mirefu: Lavonne aligusa pedali kwa ncha za vidole tu. Leland aliona. Alikwenda garini mwake akarudi na koti lake, akalikunja mara tatu, akalisukuma nyuma ya mgongo wa Lavonne, kisha akatoa mto wa kiti cha mkewe akaongeza.

"Sasa?"

"Sasa nafika."

Akawasha swichi, akabonyeza stata. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikawaka, na mlio ukamwingia kwenye mbavu. Aliujua. Mara tatu mwezi wa Oktoba aliusikia akiwa jikoni, vikombe vikitetemeka kabatini. Lakini kule ulikuwa mlio wa jambo la mtu mwingine.

Aliachia klachi haraka mno, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Watu walikuwa wanatazama. Akawasha tena, akaachia polepole, akatoka.

Kutoka nafasi namba mia na kumi na nne mpaka kwa waamuzi hapakuwa mbali, labda hatua mia mbili. Kioo cha mbele kilikuwa kifupi, upepo ulimpiga usoni. Usukani ulikuwa mwepesi. Kila kitu kilikuwa pale ambapo mkono ulitaka kiwe: gia, swichi, hata mahali pa kuegemeza kiwiko, palipofunikwa ngozi. Kulia kwake sakafu tupu ilitetemeka kidogo tu. Hakuna mtu angeweza kumsemesha pale ndani, na hakuna ambaye angengojea asemeshwe. Lavonne alitarajia kuumia, na aliumia, lakini si kwa namna aliyoitarajia. Kilichomuumiza ni kwamba palikuwa pazuri. Aliona jinsi mtu angeweza kukaa pale miaka na asitamani kushuka.

Alipita mbele ya waamuzi, akageuza, akarudi. Sindano ya joto ilikaa katikati, haikusogea.

Gari lilipata nafasi ya pili katika kundi lake. Waliita jina la Harlan kwenye kipaza sauti, na Lavonne akaenda kupokea kibao cha mbao mbele ya watu waliopiga makofi kwa heshima, polepole, kwani habari ilikwisha kuenea. Leland alipiga makofi mpaka mwisho kabisa, peke yake.

Baadaye, Ruben alipokwenda kuleta trela, Hoekstra alikuja akasimama kando ya kiti cha kukunja. Alikuwa amevaa tena kofia.

"Lingepata ya kwanza," alisema. "Mimi ndiye niliyelikata. Alama mbili kwa ule mkono wa usukani. Na moja kwa sakafu."

"Sakafu ina nini?"

"Ina matundu manne upande wa abiria, yamezibwa kwa kuchomelewa. Kazi safi sana, kwa juu huoni kitu. Ila ukipapasa kwa chini, vidole vinayakuta. Mtu akibadili nia katikati ya kazi, kazi huwa inasema."

"Alibadili nia," Lavonne alisema.

"Hutokea. Gari la miaka mingi halimalizwi na yule yule aliyelianza." Alisita. "Yule jamaa wangu na maneno yake ya mke nyumbani. Nami nilicheka. Nimekuja kwa sababu ya hilo, kuliko sakafu."

"Hakukosea sana."

Hoekstra alitazama gari, akatazama mikono yake. Mkewe mwenyewe alikuwa amekaa mbali kidogo, anamngoja, mkoba magotini. "Matundu yale yanafunguka," alisema. "Nusu saa kwa drili. Ruben anaweza kukutengenezea kiti kingine, kikakaa pale pale kilipokusudiwa."

"Halafu atakaa nani?"

Hoekstra aligusa ukingo wa kofia, akaenda zake kwa mkewe.

Mei ilipoanza, Leland alipiga simu. Kwanza alisema anaulizia koti lake, kisha akasema koti si kitu, kisha akasema chama kina safari ya Jumapili kupanda mpaka Springville, kula chakula cha mchana na kurudi. Lavonne alisema gari lina kiti kimoja, hawezi kuja na mtu. Leland akasema hakuna shida, kila mmoja anaendesha lake.

Akaenda. Alikuwa ameshona mto wake mwenyewe, mnene, wa kufungwa kwa kamba. Walikuwa magari kumi na moja, yeye wa mwisho. Njia ya mlimani ilipinda pinda kando ya mto, na injini zote kumi na moja zilipiga kelele kiasi kwamba hata waliokuwa wawili wawili ndani ya magari yao hawakuongea. Juu walikula maharage na nyama kwenye meza ndefu. Walimpa nafasi katikati, wakabishana juu ya tairi zake za nyuma kana kwamba hayupo, kisha wakamuuliza yeye anaonaje. Alisema zinatosha. Wakakubali, ukaanza ubishi mwingine. Mke wa Leland alimwuliza kama analala vizuri siku hizi, naye akajibu kwamba analala, jambo ambalo lilikuwa kweli baadhi ya siku.

Waliporudi, magari yalipungua njiani moja moja, mmoja akiingia Porterville, wengine wawili wakikata kuelekea Tulare, kila anayeondoka akiinua mkono juu. Baada ya Strathmore Lavonne alibaki peke yake barabarani, michungwa pande zote mbili. Hakuharakisha wala hakupunguza. Alifika nyumbani jua likiwa bado liko juu ya paa la banda, akasukuma mlango wa bati, akaliingiza gari, akazima swichi.

Alikaa kidogo humo humo, akisikiliza vyuma vinavyopoa na kutoa milio midogo midogo. Kisha akafungua kamba za mto wake, akashuka, akafunga banda na kuvuka ua kwenda jikoni, kwa sababu alikuwa na njaa tena, na ndani hakukuwa na mtu ambaye angempikia.